Bi Harusi Unayekwenda Nje, Umeuliza Utatembea na Nini?



Msimu wa harusi ukikaribia, sisi mafundi wa nguo za maharusi huwa tunajua mapema nani anaolewa na anapelekwa wapi. Bi harusi akija kupimisha, kabla utepe haujafika kiunoni tumeshaambiwa kama mume ni wa hapa Unguja, wa Pemba, au yuko Muscat, Dubai ama Uingereza. Wanaochukuliwa nje siku hizi ni wengi, alhamdulillah, na tunafurahi nao. Tunawashonea ya kombe, ya singo na ya kuingilia ukumbini, na mwisho tunawashonea za kusafiria.

Lakini kuna suali moja tunapenda kuwauliza wakati wa kupimwa, na mara nyingi halina jawabu. Ukifika huko, utatembea na nini? Wengine wanacheka na kusema, "Huko kuna mabasi mazuri, si kama daladala zetu." Wengine wanasema, "Mume atanipeleka." Basi.

Jawabu hizo mbili ndizo zinazotufanya tuandike leo. Msimamo wetu ni huu: bi harusi anayekwenda kuishi nje asiyajenge maisha yake yote juu ya basi na treni. Suala la atatembeaje lizungumzwe wakati wa posa, kama inavyozungumzwa mahari na begi. Na mwenye uwezo, ajifunze kuendesha gari hapa nyumbani kabla hajapanda ndege.

Tuanze kwa haki. Mabasi ya huko ni mazuri kweli. Yana ratiba, yana kiyoyozi, na hakuna utingo anayekusukuma uingie watu wanne kwenye kiti cha watatu. Dubai wana Metro tangu Septemba 2009, na ndani yake kuna behewa la wanawake na watoto, mwanamme akiingia anatozwa faini. Hayo mambo mazuri hatuyakatai.

Ila usafiri wa umma wa huko umepangwa zaidi kwa mtu wa aina moja: anayetoka asubuhi peke yake, na mkoba begani, anakwenda kazini na kurudi jioni. Mke wa nyumbani hatembei hivyo. Anatembea na mtoto mmoja mgongoni na mwengine mkononi. Anakwenda kliniki, kisha sokoni, kisha kumchukua mtoto skuli, kisha kumtazama mgonjwa au mzazi. Njia yake inazunguka, wakati basi linakwenda moja kwa moja.

Hapa kwetu tumezoea vyengine. Daladala inasimama popote utakapogonga bodi. Ukipanda na kikapu na mtoto, mtoto anapakatwa na mtu usiyemjua, na kikapu kinapokelewa. Daladala ikikosekana kuna bajaji na bodaboda, na kuna mtoto wa shangazi mwenye vespa. Kwa hiyo anayesema "hata hapa napanda daladala" anasahau kwamba hapa amezungukwa na watu. Kule atalisubiri basi peke yake.

Muscat: masafa na jua

Tuanze na Muscat, maana ndiko wanakokwenda wengi wetu, na wengi wana jamaa kule. Ukifika utasikia Kiswahili, utakula urojo na utahisi uko nyumbani. Lakini Muscat si mji wa kuzunguka kwa miguu. Umebanwa baina ya milima na bahari, ukanyooshwa pwani kama kamba, kutoka Muttrah mpaka Seeb zaidi ya kilomita 40. Shangazi yuko Ruwi, wifi yuko Al Khoud, hospitali iko upande mwengine. Mabasi ya mji yaliyopangwa kwa njia maalum yameanza mwaka 2015 tu, na mengi yanapita barabara kubwa. Nyumba za watu ziko ndani.

Baina ya barabara kubwa na mlango wa nyumba kuna jua. Mwezi wa Mei na Juni joto linapita nyuzi 40. Juni 2018, huko Quriyat, ndani ya mkoa wa Muscat, ilipita siku nzima mchana na usiku joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Sasa mchukulie bi harusi wetu, mjamzito wa miezi saba, ndani ya buibui jeusi, anatembea robo saa kwenda kituoni na robo saa nyengine kutoka kituoni kwenda kliniki. Atakwenda mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu atasema nitakwenda wiki ijayo.

Hivyo ndivyo mtu anavyofungwa ndani bila ya kufungiwa na mtu. Mume hakumkataza kutoka, wala mlango haukutiwa kufuli. Ila kila akifikiria safari yenyewe, anaona bora akae. Tumezungumza na mabibi harusi wetu waliokwenda kule, na wengi wanasimulia jambo lile lile: miezi ya mwanzo walikuwa wakiujua mji kwa dirisha la gari ya mume, siku ya Ijumaa na Jumamosi.

Dubai: mzigo

Dubai sisi tunaijua kwa kazi yetu, maana ndiko tunakokwenda kununua vitambaa. Anayekaa karibu na kituo cha Metro anaweza kuishi vizuri. Lakini familia nyingi zinakaa Sharjah kwa sababu ya kodi nafuu, na Metro haifiki Sharjah. Huko ni basi, na foleni ya baina ya miji hiyo miwili inajulikana.

Halafu kuna mzigo. Kanuni za Metro zinamruhusu abiria sanduku moja kubwa na begi moja dogo, na vipimo vyake vimewekwa: sanduku lisizidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30. Mwenye kazi kama yetu atatuelewa. Jora la lesi halina vipimo hivyo. Ukishanunua majora matatu Bur Dubai, Metro imekwisha kwako siku hiyo, ni teksi tu, na nauli ya teksi inaingia kwenye bei ya kitambaa.

Tunalisema hili kwa sababu mabibi harusi wetu wengi wana mikono ya kazi. Wanapika keki, wanashona, wanapaka hina na piko, wanauza udi na viluwa. Wakiolewa nje wanasema wataendeleza kule kule, na wateja wapo. Lakini keki ya ghorofa tatu haipandi basi. Mpaka hina anaitwa saa 8 mchana nyumba moja na saa 11 jioni nyumba nyengine, na harusi haimsubiri aliyekosa basi. Bi harusi wetu mmoja aliyeolewa England alianza kushona mitandio na magauni ya watoto. Oda hazikumkosa. Kilichomshinda ni kupeleka. Mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na mtoto mdogo, kwa gauni moja. Aliacha baada ya miezi sita, na cherehani aliyobebewa na mama yake mpaka leo imefunikwa kitambaa.

Uingereza: saa, baridi na macho ya watu

Huko England mabasi ni mengi, na tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya nje ya London haizidi paundi 3. Inaonekana rahisi. Lakini ukibadilisha basi njiani ni nauli mbili, na ukirudi ni mbili nyengine, zinakuwa paundi 12 kwa siku moja ya kwenda kumtazama mzazi. Tiketi ya siku inapunguza kidogo. Na miji midogo ina basi moja kwa saa, Jumapili chini ya hapo. Tarehe 25 Disemba hata London kwenyewe hakuna basi wala treni ya chini ya ardhi siku nzima.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka wafike, nalo ni sala. Hapa kwetu Magharibi haicheza mbali na saa 12 na nusu mwaka mzima. London mwezi wa Disemba, Adhuhuri inaingia karibu saa 6 mchana, Alasiri kiasi cha saa 8 kasorobo, na jua limeshatua kabla ya saa 10. Sala tatu zimebanana ndani ya saa nne, na saa hizo hizo ndizo za kumchukua mtoto skuli na kurudi nyumbani. Basi likichelewa, Alasiri imekupita ukiwa kwenye kiti, na faradhi inataka utulie na uelekee kibla. Mwenye gari anaegesha pahala, anasali, anaendelea. Wa basi akishuka, linalofuata ni la saa ijayo.

Wakati wa joto mambo yanageuka. Juni, Magharibi inaingia saa 3 na dakika 20 usiku, na Isha baada ya hapo sana. Darsa ya wanawake ikiwekwa baada ya sala, mwenye kutegemea basi haendi, maana basi la kurudi halipo. Utasikia dada anasema imani yake imeshuka tangu alipoondoka nyumbani. Pengine haikushuka. Pengine amekosa njia ya kufika kwa wenzake.

Na kigari cha mtoto? Kwenye mabasi ya kule nafasi ya vigari ndiyo hiyo hiyo ya wenye viti vya magurudumu, na wao ndio wenye haki ya mwanzo. Januari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu kwamba dereva asitosheke kumuomba tu mwenye kigari apishe, afanye zaidi ya hapo. Hukumu hiyo tunaiunga mkono, mlemavu apishwe. Lakini maana yake kwa mama ni kuwa kwenye mvua anaweza kutakiwa akikunje kigari, mtoto mkononi na mfuko wa sokoni mdomoni, au ashuke asubiri jengine.

La mwisho ni zito, lakini tusifichane. Mtandio unaonekana. Shirika la Tell MAMA, linaloandika matukio ya chuki dhidi ya Waislamu kule Uingereza, limekuwa likitaja mabasi na treni miongoni mwa pahala dada zetu wanapotukanwa na kusumbuliwa. Si kila siku wala si kila mtu, na kuna Waingereza wengi watakaosimama kukutetea. Lakini mtu mgeni, lugha haijakaa sawa, akitukanwa mara moja kwenye basi la usiku, hapandi tena basi la usiku. Duara lake la maisha linazidi kuwa dogo.

"Mume atanipeleka"

Turudi kwenye jawabu hili. Inshallah atakupeleka, na ukipata mume wa hivyo mshukuru Mungu. Lakini mume aliyekwenda ng'ambo amekwenda kutafuta. Yuko kazini saa kumi, pengine zamu ya usiku. Akirudi amechoka, na wewe umemsubiri siku nzima na orodha ya safari: dawa, nyama ya halali, mtoto ana chanjo, wifi amezaa. Tunayoyasikia ni kwamba ugomvi mwingi wa mwaka wa mwanzo hauanzi na wake wenza wala mawifi. Unaanza na "nilikwambia leo unipeleke". Mume anaona anaamrishwa, mke anaona anapuuzwa, na wote wawili wana haki. Kilichokosekana ni dereva wa pili ndani ya nyumba.

Na tumuombe Mola atuepushie, kuna siku mume anaumwa yeye. Usiku ule nani atamshughulikia, nani atarudi nyumbani kwa watoto, na kwa usafiri gani?

Kuna wanaosema mwanamke kuendesha gari si staha. Sisi hatuoni hivyo. Katika hadithi sahihi, Mtume (S.A.W.) amewasifu wanawake wema wa Kikureshi kuwa ni bora katika wanawake waliopanda ngamia, akataja huruma yao kwa watoto wao na namna wanavyochunga mali ya waume zao. Kipando, watoto na mali vimekutana pahala pamoja. Oman wanawake wanaendesha, Emirates wanaendesha, na Saudia nayo imefungua mlango huo tarehe 24 Juni 2018. Mwanamke aliyejisitiri ndani ya gari yake, mlango umefungwa, tunamuona amehifadhika zaidi kuliko aliyesimama kituoni usiku.

Basi tufanye nini?

Kwanza, wazee wanaopokea posa waulize. Nyumba iko umbali gani na kituo? Ni njia moja au mbili kufika hospitali, msikiti na soko? Gari ipo? Mke ataruhusiwa kujifunza? Hayo si maulizo ya tamaa. Masharti ya ndoa yaliyo halali yana uzito katika dini yetu, na linaloandikwa mapema halina ugomvi baadae. Tumeshaona posa zikikaa wiki mbili kwa ajili ya idadi ya vitenge kwenye begi. Nusu saa ya kuuliza habari za usafiri haitamvunjia mtu harusi.

Pili, jifunze hapa. Hapa unajifunza kwa Kiswahili, na mwalimu unamjua. England, mtihani wa nadharia ni paundi 23 na wa barabarani paundi 62 siku za kazi, lakini kinachokula pesa ni masomo ya kila saa, na nafasi ya mtihani watu wanaisubiri kwa miezi. Sheria ya kule inamruhusu mgeni aliyehamia kuendesha kwa leseni halali ya kwao kwa miezi 12 tangu alipoanza kuishi, kisha lazima apate ya kwao. Miezi hiyo 12 ni zawadi kwa aliyekwenda nayo, na si kitu kwa asiyekuwa nayo. Wao wanaendesha kushoto kama sisi. Oman na Emirates wanaendesha kulia, kwa hiyo hata mwenye leseni achukue siku za kuzoea, na kila mtu aulize sheria ya nchi anayokwenda kabla hajaondoka.

Tatu, pesa. Mahari ni yako, ni haki yako kwa sheria ya dini. Bangili moja ikipungua mkononi, mtu hataiona ukumbini. Sisi tunaoshona tunajua gharama zinavyokwenda: gauni la kuvaliwa saa tatu linaweza kugharimu zaidi ya masomo yote ya udereva. Tunasema hivi huku tukijua ni riziki yetu inayopungua. Shona mawili badala ya manne, dada. La tatu na la nne litie kwenye usukani.

Nne, masomo na mashangazi wanaomuweka ndani bi harusi. Mnamfundisha kusinga, kufukiza, kupika na kumpokea mume. Mtieni na hili. Mwambieni ahifadhi anuani ya nyumba yake kwa moyo na nambari za simu za jamaa wawili zaidi ya mume, ajue basi la mwisho linapita saa ngapi, na awe na akiba ya teksi ambayo haiguswi kwa jambo jengine.

Tunajua si kila nyumba itamudu gari. Bima ya kule ni ghali, hasa kwa dereva mpya, na kuna miji kama London ambapo gari inaweza kuwa mzigo na basi likakutosha. Hatumlazimishi mtu. Panda basi, panda Metro, okoa pesa. Tunachosema ni kwamba lisiwe ndiyo mlango wako pekee wa kutokea nje. Usipomudu gari mwaka huu, pata leseni. Usipopata leseni, basi chagueni nyumba karibu na msikiti na watu wenu, hata kama chumba kitapungua kimoja. Kuna njia nyingi, almuradi zimefikiriwa na watu wawili kabla ya ndege kuondoka, zisiachiwe mke mmoja akiwa kituoni na mtoto.

Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi wetu walio nje na wanaokwenda wapate waume wema, nyumba zenye kheri na njia nyepesi. Na wewe unayekuja kupimisha wiki ijayo, tutakuuliza tena suali letu. Safari hii uje na jawabu.

Wabillahi tawfiq.